Manowari ya Kubebea Ndege: Kwa Nini Hugeukia Upepo?

Mashariki ya Msimbati, karibu na mlango wa mto Ruvuma, mwendo wa kilomita zipatazo 1,000 baharini, iko bandari ya Antsiranana katika kisiwa cha Bukini. Zamani iliitwa Diego Suarez. Tarehe 5 Mei 1942 Waingereza waliishambulia bandari hiyo, iliyokuwa chini ya serikali ya Vichy ya Ufaransa, wakitumia ndege zilizopaa kutoka manowari mbili, Illustrious na Indomitable. Illustrious ilikuwa na urefu wa mita zipatazo 225, na sehemu ya sitaha yake ilijaa ndege zilizongoja zamu. Njia ya kurukia ya kiwanja cha ndege cha Mtwara inazidi kilomita 2. Ni kweli kwamba ndege za siku zile zilikuwa nyepesi, lakini wepesi peke yake si jibu kamili.

Kasi ya hewa

Ndege huinuliwa na hewa inayopita kwenye mabawa yake. Kinachohesabiwa ni kasi ya ndege ikilinganishwa na hewa, wala si ikilinganishwa na sakafu. Tuchukue ndege inayohitaji kasi ya mita 30 kwa sekunde, na mchapuko wake uwe mita 2.5 kwa sekunde kwa sekunde. Kwa kanuni s = v²/2a, siku isiyo na upepo itahitaji kukimbia mita 180 ardhini.

Sasa tuiweke juu ya manowari iendayo mita 15 kwa sekunde, ikikabili upepo wa kusi uvumao mita 5 kwa sekunde. Kabla ndege haijasogea, hewa tayari inapita kwenye mabawa kwa mita 20 kwa sekunde. Zimebaki mita 10 tu kwa sekunde, nazo zinahitaji mbio ya mita 20. Kasi ya kutafutwa imepungua mara tatu, lakini umbali umepungua mara tisa. Ndiyo maana manowari hugeuza omo lake kuelekea upepo, na ndiyo maana huundwa ndefu na yenye injini za nguvu nyingi.

Somo la Rufiji

Pwani yetu ililiona tatizo hili mapema. Mwishoni mwa mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji. Waingereza walileta kwanza ndege za kuelea majini. Hewa yenye joto ni nyepesi: hupunguza kani ya kuinua na nguvu za injini, na maboya ya ndege hizo hukokotwa na maji. Zilipata taabu kubwa kupaa. Baadaye zikaletwa ndege za magurudumu, zikarushwa kutoka kiwanja kisiwani Mafia. Mwezi Julai 1915 ndege zilielekeza mizinga iliyoiangamiza Königsberg. Mwaka 1918 Uingereza ilikamilisha Argus, manowari ya kwanza yenye sitaha tambarare toka omo hadi tezi.

Zama za ndege za jeti

Baada ya mwaka 1945 ndege zilikuwa nzito na zenye kasi zaidi. Waingereza walibuni mambo matatu: mtambo wa mvuke wa kuzirusha; sitaha ya kutulia iliyochepuka upande, ili ndege iliyokosa nyaya za kuinasa ipae tena bila kugonga zilizoegeshwa mbele; na kioo cha kumwongoza rubani. Siku hizi manowari ya Kimarekani Gerald R. Ford, yenye urefu wa mita zipatazo 333, hurusha ndege kwa kani ya sumaku-umeme.

Manowari Centaur, yenye sitaha iliyochepuka, ilifika Dar es Salaam mwezi Januari 1964, baada ya serikali ya Tanganyika kuomba msaada kufuatia maasi ya askari. Tarehe 25 askari wa Kiingereza walishushwa katika kambi ya Colito kwa helikopta. Helikopta haikuhitaji mbio hata kidogo: huzungusha mabawa yake yenyewe, ikapata kasi ya hewa papo hapo iliposimama. Kanuni ni ile ile.

Maswali

1. Katika mfano wetu, upepo ukikoma kabisa, ndege itahitaji mbio ya mita ngapi juu ya manowari?
2. Wakati wa kaskazi, manowari iliyoko mbele ya Msimbati ielekeze omo wapi?
3. Kwa nini ndege itakayotua nayo hunufaika manowari ikikabili upepo?