Taa ya Injini na Vumbi la Dodoma: Somo juu ya Kihisi cha Oksijeni

Magari mengi madogo yanayoonekana leo katika barabara za Dodoma yalikwisha kutumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Katika bomba la moshi la kila gari la petroli la aina hiyo kimefungwa chombo kidogo, mfano wa plagi. Mafundi wetu hukiita "sensa", neno ambalo kwa wengi wetu huleta fikra za kuhesabu watu. Sisi katika makala hii tutakiita kihisi cha oksijeni. Taa ya njano yenye umbo la injini inapowaka mbele ya dereva, chombo hiki huwa cha kwanza kulaumiwa. Hufunguliwa, kingine hununuliwa, na baada ya siku chache taa huwaka tena. Fedha za mwenye gari zimekwisha kwenda, na ubovu umebaki pale pale.

Chanzo cha hasara hiyo ni dhana moja isiyo sahihi. Watu hudhani kwamba kihisi hupima petroli. Hakipimi petroli hata kidogo. Hupima oksijeni iliyosalia katika moshi baada ya moto kuwaka ndani ya silinda. Mwanafunzi aliyeshika jambo hili, na anayejua kusawazisha mlinganyo wa kemia na kutumia logi, anaweza kusoma habari za injini ambazo fundi asiyelijua ataziona kama miujiza.

Hewa na petroli

Tuichukue petroli kana kwamba yote ni oktani:

2C₈H₁₈ + 25O₂ → 16CO₂ + 18H₂O

Gramu 228 za oktani zahitaji gramu 800 za oksijeni. Kwa kuwa oksijeni ni kadiri ya asilimia 23 ya uzito wa hewa, utaona kwamba kila gramu moja ya oktani yahitaji gramu 15 za hewa na kidogo zaidi. Petroli halisi ina pia haidrokaboni zenye kaboni nyingi kwa kulinganisha na haidrojeni, kama vile tolueni, na kwa hiyo kipimo chake hushuka kufikia 14.7 hivi. Hewa ikipungua chini ya hapo, mchanganyiko huitwa mzito, na moshi hutoka na kabonimonoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua. Hewa ikizidi, mchanganyiko huitwa mwepesi, na oksijeni ambayo haikupata cha kuunguza hutoka na moshi.

Kabureta za zamani zilitengenezwa zifuate kipimo hiki kwa kukadiria tu, na ukadiriaji huo uliharibika kila gari lilipopanda mlima. Mji wa Dodoma uko kiasi cha mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, ambako kani-eneo ya hewa ni karibu asilimia 88 ya ile ya pwani. Gari la kabureta lililorekebishwa Dar es Salaam, likifika Dodoma, hunywa petroli kwa asilimia sita au saba kupita kiasi kinachostahili hewa inayopatikana. Mzee yeyote aliyeendesha lori katika miaka ya 1970 atakuambia habari za moshi mweusi baada ya kupita Gairo, ingawa pengine hakuijua sababu yake.

Namna kihisi kinavyofanya kazi

Kiini cha kihisi ni kikombe kidogo cha kauri iitwayo zirkonia, kilichopakwa platini ndani na nje. Upande wa nje huoshwa na moshi. Upande wa ndani hugusa hewa ya kawaida. Zirkonia ikipata joto la zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi huruhusu ayoni za oksijeni kupita ndani yake, na tofauti ya oksijeni baina ya pande mbili huzalisha volti. Mjerumani Walther Nernst alikwisha kutupatia kanuni ya volti za namna hiyo mwaka 1889, zamani kabla ya mtu yeyote kufikiria kuitia katika bomba la moshi. Katika joto la kelvini 1,000 kanuni hiyo huwa nyepesi sana kukumbuka:

Volti = 0.05 × log₁₀ (p₁ ÷ p₂)

ambapo p₁ ni kani-eneo ya oksijeni ya hewa na p₂ ni ile ya moshi. Kila oksijeni ya moshi ikipungua mara kumi, volti huongezeka kwa 0.05.

Tujaribu. Mchanganyiko ukiwa mwepesi, moshi huwa na oksijeni ya asilimia 1, na hewa ina asilimia 21. Logi ya 21 ni 1.32; volti ni 0.066. Mchanganyiko ukiwa mzito, juu ya uso wa platini oksijeni karibu yote huungana na kabonimonoksidi, na p₂ yaweza kushuka hadi kadiri ya 10⁻¹⁸ ya angahewa. Hapo logi ni 17.3, na volti ni 0.87 hivi. Baina ya hali hizo mbili volti huruka kwa ghafula pale penye kipimo cha 14.7. Kompyuta ya injini hutazama mruko huo: ikiona volti iko juu hupunguza petroli, ikiona iko chini huongeza. Ndiyo maana volti za kihisi kizima hazitulii, bali hupanda na kushuka wakati wote.

Na mwinuko wa Dodoma je? Kani-eneo ya hewa imepungua, lakini imepungua pande zote mbili za kikombe, na kanuni yetu hutazama uwiano peke yake. Kihisi hakidanganywi na mlima. Hii ni faida kubwa kwa sisi wa uwanda wa kati.

Kampuni ya Bosch ndiyo iliyokileta sokoni kihisi hiki mwaka 1976, katika magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani. Afrika Mashariki tusingeweza kukitumia kwa muda mrefu wakati huo, kwa sababu petroli yetu ilitiwa risasi, nayo risasi huifunika platini na kuinyamazisha. Mkutano wa Dakar wa Juni 2001 uliazimia kuiondoa, na kufikia Januari 2006 nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikuwa zimeacha kuuza petroli ya namna hiyo. Sababu kubwa ilikuwa kulinda ubongo wa watoto. Vihisi vilipona kwa baraka hiyo hiyo.

Vumbi

Sasa tuje kwenye ubovu unaotuhusu zaidi. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua karibu haipo Dodoma, na barabara za udongo za vijijini, Bahi, Chamwino na Kongwa, hutoa vumbi laini kama unga. Chujio la hewa huziba upesi. Dereva hulitoa akaligonga kwenye tairi, na karatasi hupasuka mahali asipopaona. Au fundi hulipuliza kwa kompresa kutoka nje kwenda ndani, akalikita vumbi zaidi. Yafaa lipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, kisha litazamwe mbele ya mwanga. Tundu likionekana, litupwe.

Vumbi lililopenya hukutana na kipima hewa, ambacho katika magari mengi ni waya mwembamba wenye moto. Hewa ikipita huupoza waya, na kwa kupoa huko kompyuta hujua uzito wa hewa iliyoingia. Waya uliovaa vumbi haupoi sawasawa. Kompyuta hudhani hewa ni kidogo, hutoa petroli kidogo, oksijeni husalia katika moshi, na kihisi hutoa taarifa kwamba mchanganyiko ni mwepesi. Taarifa hiyo ni ya kweli kabisa! Kompyuta huongeza petroli mpaka ifike kikomo ilichowekewa, kisha huwasha taa na kuandika P0171. Mtu asomaye namba hiyo kwa haraka hukimbilia dukani kununua kihisi, hali kilichotakiwa ni kuosha waya kwa dawa yake maalumu bila kuugusa kwa kidole wala kitambaa, na kubadili chujio.

Ufa katika mpira ulio baina ya kipima hewa na injini huleta matokeo yale yale, kwani hewa huingia bila kuhesabiwa. Kuna mambo mengine mawili ambayo hupotosha zaidi. La kwanza ni bomba la moshi lililotoboka kabla ya kihisi: moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo hewa ya nje hunyonywa ndani. La pili ni plagi isiyowasha. Silinda yake hutoa petroli yote ghafi pamoja na oksijeni yote. Pua ya mtu hunusa petroli, lakini kihisi huona oksijeni na kusema mchanganyiko ni mwepesi. Kompyuta nayo huongeza petroli juu ya petroli. Mwalimu akitaka kujua kama darasa limeelewa somo, na aulize swali juu ya plagi hiyo.

Kukichunguza

Kazi hii ifanyike nje, mahali penye upepo, kamwe si ndani ya banda lililofungwa, kwa ajili ya ile kabonimonoksidi. Injini ipate moto kamili. Tumia mita ya dijitali, ambayo hainyonyi mkondo mkubwa, na uunganishe kwenye waya wa taarifa bila kuukata. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, volti zivuke 0.45 kwenda na kurudi mara nane au zaidi katika sekunde kumi. Zikiganda chini, kanyaga mafuta ghafula: zikiruka hadi 0.8 au zaidi, kihisi ki hai, nawe utafute hewa ya ziada au upungufu wa petroli. Zikiganda juu, chomoa kijibomba kimoja cha hewa kwenye manifoldi. Zinapaswa kuanguka mara moja. Kihisi kisichojibu upande wowote ndicho cha kubadilishwa.

Vihisi vya nyaya nne vina hita ndani. Pima ukinzani wa nyaya mbili za hita, ambazo kwa kawaida zina rangi moja: omu chache, hadi kumi na tano hivi, ni dalili njema, mita isiposoma kitu, hita imekatika. Usipime omu kwenye waya wa taarifa, kwani mkondo wa mita waweza kukidhuru kiini. Tena, magari mengi ya Toyota yaliyotengenezwa baada ya mwaka 2000 yana kihisi cha mbele cha aina nyingine, kinachofanana kwa umbo lakini hakitoi volti za kupanda na kushuka. Hicho husomwa kwa mashine ya kupimia, si kwa jaribio hili.

Kihisi kisioshwe kwa petroli wala kusuguliwa kwa brashi ya waya. Masizi meusi kwenye ncha yake ni ushahidi wa mchanganyiko mzito. Unga mweupe mara nyingi ni silika, iliyotokana na gundi ya silikoni iliyopakwa kwenye injini au na maji ya rejeta yaliyovuja. Bila kuondoa chanzo, kihisi kipya kitakufa vivyo hivyo.

Kihisi cha pili hukaa nyuma ya masega, yaani kile kigeuzi cha moshi chenye vijitundu na madini ya platini. Kazi yake ni kuyakagua masega, na volti zake zinapaswa kutulia. Wako wanaouza masega kwa ajili ya madini hayo, kisha wakakisogeza kihisi nje ya moshi ili taa izimike. Huo ni udanganyifu mtupu, na wanaoulipia ni wanafunzi wanaotembea kando ya barabara.

Zoezi

Gari moja limerudi Dodoma kutoka Kondoa. Taa inawaka, namba ni P0171, na mita inasoma volti 0.10 bila kubadilika. Fundi anakanyaga mafuta ghafula, na mita inaruka hadi 0.85.

(a) Kwa kutumia kanuni iliyotolewa, na p₁ ikiwa 0.21 ya angahewa, tafuta p₂ katika kila hali.
(b) Je, kihisi ni kibovu? Taja sehemu tatu utakazozikagua kabla ya kununua chochote, kwa mpangilio wa gharama, ukianza na isiyogharimu kitu.
(c) Rudia hesabu ya (a) ukizidisha p₁ na p₂ zote kwa 0.88. Volti zimebadilika kwa kiasi gani?