Mkono Uliovunjika Kazini: Nani Humlipa Mgonjwa?

Fundi mwashi anaanguka kutoka jukwaani akikarabati nyumba ya mawe huko Shangani. Baada ya miezi mitatu mfupa wa kiganja umeunga, lakini vidole havifumbi na mwiko haushikiki. Je, amepona? Kwa picha ya eksirei, ndiyo. Kwa kazi yake, la. Hapo ndipo sera ya hifadhi ya jamii inapoanza, kwani hiyo hupima uwezo uliopotea, si jeraha peke yake.

Mataifa yamelijibu suala hili kwa njia mbalimbali. Ujerumani ilianzisha bima ya ajali kazini mwaka 1884 na pensheni ya ulemavu mwaka 1889, ikatenganisha madhara ya kazi na maradhi mengine. Uholanzi haitenganishi: mwajiri hulipa angalau asilimia 70 ya mshahara kwa miaka miwili ya ugonjwa, chanzo chake kiwe chochote, na hulazimika kumsaidia mgonjwa kurejea kazini.

Tanzania Bara imefuata njia ya kutenganisha. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) huchangiwa na waajiri pekee. Ulemavu wa muda hulipiwa asilimia 70 ya mshahara kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo kwa pensheni.

Kwetu Zanzibar, sheria ya fidia ilijengwa juu ya wajibu wa mwajiri mwenyewe, ilhali ZSSF, ulioanzishwa mwaka 1998, una fao la ulemavu kwa wanachama wake. Mkulima wa mwani wa Paje na fundi wa kutwa hubaki na mpango wa hiari, nao wengi hawajajiunga. Pensheni Jamii ya mwaka 2016 huanzia umri wa miaka 70. Fundi wetu ana 38.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya, neno “apumzike” halitoshi. Andika tarehe na mahali pa ajali, kazi aliyokuwa akiifanya, nguvu ya mshiko, asichoweza kukifanya, na kazi nyepesi anayoiweza. Nawe mgonjwa, sema tangu siku ya kwanza kwamba uliumia kazini, mjulishe mwajiri kwa maandishi, na utunze nakala. Sentensi iliyokosekana katika faili siku hiyo ni vigumu kuithibitisha mwaka mmoja baadaye.