Nasaba ya Virusi vya Ukimwi Mjini Moshi

Kirusi cha Ukimwi hubeba urithi wake katika nyuzi mbili za RNA, kila mmoja una herufi zipatazo 9,700. Kikijinakili hukosea mara nyingi. Makosa hayo, yakisomwa maabarani, hudhihirisha virusi vilivyo ndugu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, juu ya wafanyakazi wa baa na hoteli mjini Moshi, ulikuta aina A, C na D, pamoja na machotara. Hao hutokeaje? Seli moja ikivamiwa na aina mbili, kirusi kitokacho humo chaweza kufungasha uzi wa kila aina. Kiingiapo seli nyingine, kimeng'enya kinachonakili huruka toka uzi huu hadi ule.

Basi mwalimu achorapo nasaba hii ubaoni, matawi yatakutana tena, jambo lisiloonekana katika mbuni wa Kibosho. Chanjo, ambayo bado haijapatikana, itabidi iwatambue wote hao.