Somo la Afya na Michezo: Kukimbia Masafa Marefu bila Kuumiza Mwili

Mkoa wetu una historia ya kujivunia katika mbio za masafa marefu. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alishiriki marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Alianguka njiani, akaumia goti na bega, lakini akamaliza zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Fabiano Joseph Naasi, mzaliwa wa Babati, alitwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005 mjini Edmonton, Kanada.

Ushujaa wa Akhwari, hata hivyo, hufundishwa vibaya pale kijana anapoambiwa asijali maumivu. Akhwari aliumia kwa ajali, tena akiwa katika mashindano makubwa kuliko yote. Majeraha mengi ya wakimbiaji hayatokani na kuanguka, bali hujengeka polepole mazoezini. Kwa hiyo yanaweza kupunguzwa.

Mzigo unaobebwa na mguu

Mkimbiaji wa kilomita 50 ambaye hatua yake ni mita moja hupiga hatua 50,000, yaani 25,000 kwa kila mguu. Katika kila hatua, ardhi huusukuma mguu kwa nguvu inayofikia takribani mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Mtu mwenye kilo 60 hupokea mzigo wa kilo 120 hadi 180. Mfupa, misuli na kano hustahimili mzigo huo na hata kuimarika, mradi vipate muda wa kujijenga upya. Tatizo ni kwamba pumzi na moyo huzoea mazoezi mapema, ilhali kano na mifupa huchelewa. Mkimbiaji hujiona yu tayari kabla miguu yake haijawa tayari.

Mteremko nao una gharama yake. Mtu anaposhuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki huku ikivutwa, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Ndiyo sababu washiriki wa mbio za Comrades za Afrika Kusini, zenye takribani kilomita 90, huogopa pia mwaka ambao njia inashuka kutoka Pietermaritzburg hadi Durban. Anayefanya mazoezi kwenye miteremko ya Mlima Kwaraa aizoee kwa awamu.

Mambo ya kuzingatia

1. Fupisha hatua. Mguu unaotua mbali mbele ya mwili huongeza mzigo wa goti. Hesabu mituo ya mguu wa kulia kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 4. Ukipata hatua 160 kwa dakika, jizoeze kufikia 168 kwa mwendo uleule.
2. Ongeza umbali kidogo kidogo, na usiongeze umbali na kasi katika wiki moja.
3. Imarisha ndama, mapaja na nyonga mara mbili kwa wiki. Kupanda na kushuka ngazi taratibu kwa mguu mmoja kunatosha kuanzia.
4. Kagua viatu, hasa vya mtumba. Soli iliyolika upande mmoja huulaza mguu.
5. Kula na kulala vya kutosha. Mfupa haujijengi kwa mwili wenye njaa. Msichana ambaye hedhi yake imekatika kwa sababu ya mazoezi anahitaji kumwona daktari.
6. Usimeze dawa za maumivu kama diklofenaki ili umalize mbio. Mwili ukiwa umepungukiwa maji, dawa hizo zinaweza kudhuru figo.

Wakati wa kusimama

Uchovu wa misuli pande zote mbili baada ya mazoezi ni jambo la kawaida. Maumivu ya sehemu moja ya mfupa inayoweza kuonyeshwa kwa kidole, maumivu ya usiku, au kuchechemea ni dalili za hatari. Huenda mfupa umeanza kupata ufa. Acha kukimbia na ufike katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ufa ukigunduliwa mapema, mara nyingi hupona kwa wiki kadhaa za mapumziko. Ukipuuzwa, mfupa unaweza kuvunjika kabisa.

Wazazi, walimu na makocha wanaombwa kumuuliza kijana anayechechemea kinachomuuma kabla ya kumuuliza amekimbia kwa dakika ngapi.