Mazoezi ya kijeshi jirani na ngitili

Swali: Wanajeshi wakifanya mazoezi karibu na ngitili yetu, yaani hifadhi yetu ya malisho, tupimeje hatari kwa wanyama na malisho? Mfugaji, Kishapu

Jibu: Anzeni na moto. Machi 2021, huko Lolldaiga, Laikipia, Kenya, moto uliozuka wakati wa mazoezi ya jeshi la Uingereza uliteketeza maelfu ya ekari. Nyasi za ngitili, mlizozitunza tangu mvua zianze, hukauka kiangazi, ng'ombe wanapozihitaji hasa. Ombeni risasi na baruti zitumike majira ya mvua. Magari mazito ni kinyume chake: udongo mweusi wa mbuga ukilowa hushindiliwa, maji yasipenye. Hayo yapite kiangazi, tena barabarani. Kabla ya zoezi, andikeni idadi ya viota na mashimo ya wanyama. Hesabuni tena baadaye, mlinganishe. Masalia ya silaha msiyaguse kamwe, wapigieni polisi.