Asiye na Makao Si Mkosa

Ndugu zetu, katika darsa iliyopita tuliulizwa: je, yafaa mtu kukamatwa kwa sababu amelala barazani au sokoni, naye hana pa kwenda? Leo twajibu.

Kwanza, tutazame sheria. Waingereza walikuwa na sheria ya mwaka 1824 ya kuwaadhibu wazururaji, na mfano wake wakauleta katika makoloni yao. Hapa Kenya, Sheria ya Uzururaji ilimruhusu askari kumkamata mtu asiye na makao wala riziki ijulikanayo. Ilifutwa mwaka 1997. Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ikampa kila mtu haki ya makao yafaayo. Na tarehe 4 Disemba 2020 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikatoa rai kwamba sheria za namna hii zapingana na haki za binadamu, na yapasa zibadilishwe au zifutwe. Lakini kufutwa kwa sheria si kuondoka kwa tabia. Mwezi wa Februari 2019 watoto wa mitaani wa Nakuru, hao waitwao chokoraa, walipakiwa garini usiku wakatupwa katika msitu wa Chemasusu, Baringo. Sheria ilikwisha kufutwa, dharau ilibakia.

Pili, tujue watu hawa watoka wapi. Tuchukue Kitengela, katika Kajiado. Ardhi ile ilikuwa malisho ya Wamasai. Ranchi yao ya pamoja iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake, na wengi wakauza. Viwanda vya Athi River vikawavuta watafutao kazi, na kodi za Nairobi zikawasukuma wengine huko huko. Basi kibarua akikosa kazi mwezi huu, mwezi ujao hana kodi, na wa tatu yuko nje. Na mwana wa mfugaji aliyeuza ardhi hana tena boma la kurejea. Hawa wamekosa nini?

Tatu, tutazame dini yetu. Katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina palikuwa na Suffa, mahali penye kivuli walipolala mafakiri wasio na nyumba. Miongoni mwao alikuwa Abu Hurayra. Lau Madina ingalikuwa na sheria ya wazururaji, Sahaba aliyetupokelea Hadithi nyingi kuliko wote angalilala korokoroni.

Atasema msemaji: “Miongoni mwao wamo wezi.” Twajibu: mwizi na ahukumiwe kwa wizi wake, kwa ushahidi. Kulala si wizi.

Mwisho, tujihesabu nafsi zetu. Tulipopita Kitengela, usiku wa mvua, tuliswali Isha katika msikiti mmoja. Kijana mmoja akaomba alale ukumbini. Mwangalizi akamkatalia, akafunga mlango. Nasi, wageni tulioheshimiwa kwa vilemba vyetu, tukanyamaza. Alfajiri hatukumwona. Twamwomba Mola atusamehe kimya kile, kwani neno moja letu lingalitosha.

Basi tusiwalaumu askari peke yao. Zaka ina mafungu manane, na mafakiri, masikini na msafiri aliyekatikiwa na njia wamo. Kila msikiti na utenge kodi ya mwezi mmoja kwa aliye ukingoni mwa kutolewa nyumbani, na usiku wa mvua ukumbi usifungwe. Aliyekamatwa bila kosa, na tuende tumshuhudie.

Wallahu aʼlam.