Mahindi Yaliyokataliwa: Lishe ya Mbwa na Magonjwa Sugu katika Kaunti ya Kakamega

Katika maboma mengi ya Kaunti ya Kakamega mbwa hatengewi chakula chake mwenyewe, bali hula kilichosalia baada ya watu kushiba, na mara nyingi husongewa ugali wa unga uliosagwa kutokana na mahindi ambayo wenye boma waliyachambua wakayaweka kando kwa sababu yalikuwa yameoza, yametobolewa na wadudu au yameota ukungu. Desturi hiyo haikutokana na ukatili, kwa kuwa penye midomo mingi nafaka haitupwi hovyo, lakini madhara yake hayaonekani siku hiyo wala wiki hiyo, na ndiyo maana ni vigumu kuyahusisha na sufuria ya mbwa. Magonjwa sugu, yaani yale yanayoingia polepole na kukaa mwilini kwa miezi au miaka, humjia mbwa kwa sura ya kukonda, manyoya kunyonyoka, tumbo kujaa maji au miguu kupinda, na mwenye mbwa hudhani kwamba mnyama amezeeka, ana minyoo, au ametegewa sumu na jirani. Si mara moja ugomvi wa mpakani huzuka kwa sababu ya sumu ambayo kwa kweli ilitoka katika ghala la mlalamikaji mwenyewe.

Ugali si adui wa mbwa

Yapo maoni yanayosikika sana mjini kwamba mbwa ni mla nyama kama chui na kwamba ugali ndio unaomdhuru, na maoni hayo hayana msingi. Mwaka 2013 watafiti wa Uswidi wakiongozwa na Erik Axelsson walionyesha kwamba jeni inayoongoza utengenezaji wa amilesi, yaani kimeng'enya kinachovunja wanga tumboni, ina nakala 2 tu kwa mbwamwitu, ilhali kwa mbwa wa kufugwa nakala hizo ni kati ya 4 na 30. Kwa maneno mengine, mbwa alibadilika kadiri alivyokaa na wakulima akila makombo yao, hata tumbo lake likazoea wanga uliopikwa. Kinachomdhuru ni mambo mawili mengine, nayo ni hali ya mahindi yaliyosagwa, na kukosekana kwa kitoweo kando ya ugali.

Sumu ya ghalani

Kakamega ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini Kenya, takribani milimita 1,280 hadi 2,214 kwa mwaka, na mahindi ya msimu wa mvua ndefu huvunwa wakati mvua za alasiri bado zinanyesha, kiasi kwamba nafaka iliyoanikwa asubuhi juu ya turubai huweza kuloa tena kabla ya jua kutua. Mahindi yanayowekwa ghalani yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5 huota kuvu, hasa aina ya Aspergillus, nayo hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini, ambayo ni mojawapo ya sumukuvu, yaani sumu zinazotokana na kuvu. Sumu hiyo haina ladha wala harufu inayotambulika, haiondolewi kwa kuchemsha wala kwa kusonga ugali ukaiva vizuri, na kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini Kenya katika mahindi ya kuliwa na watu ni mikrogramu 10 tu kwa kila kilo.

Mbwa ni mmoja wa wanyama wanaodhurika upesi na aflatoksini, na historia ya Kenya yenyewe ina ushahidi. Mwaka 1977 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa sababu ya nafaka iliyohifadhiwa vibaya. Mwaka 1981, katika eneo la Machakos, watu 20 waliugua ugonjwa wa ini na 12 miongoni mwao wakafa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na katika kipindi hichohicho njiwa na mbwa wa eneo hilo walikuwa wakifa. Hali kama hiyo ilionekana magharibi mwa India mwaka 1974, ambako watu zaidi ya 100 walipoteza maisha, na mbwa walioshiriki chakula chao wakafa kwa dalili zilezile. Mnyama anayekula kilichokataliwa hula sumu nyingi kuliko mwenye nyumba, kwa hiyo ugonjwa wake ni taarifa ambayo familia hupewa mapema, kama itasomwa.

Kiwango kikubwa cha sumu huua kwa siku chache, huku mbwa akitapika, akihara damu na kugeuka manjano katika weupe wa macho na kwenye ufizi. Kiwango kidogo kinachorudiwa kila jioni ndicho kinachosababisha ugonjwa sugu, kwa kuwa ini, ambalo ndilo linalochuja sumu, hujaa makovu kidogo kidogo mpaka hushindwa kutengeneza protini za damu, na hapo maji huvuja na kujaa tumboni. Mbwa wa namna hiyo huonekana kana kwamba ameshiba, tumbo limetuna, ilhali uti wa mgongo na nyonga zimechomoza.

Kinga huanzia kwenye uanikaji. Ipo njia ya kupima unyevu isiyohitaji mashine: chupa kavu ya kioo hutiwa mahindi kiasi cha theluthi moja pamoja na kijiko kimoja au viwili vya chumvi kavu, hufungwa na kutikiswa kwa dakika kadhaa, kisha huachwa itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi takribani asilimia 15 na hayafai kabisa kuingia ghalani. Isiponata, yamekaribia, ingawa bado siku moja au mbili za jua hazitayaharibu. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zilizoota kuvu zinapochambuliwa, ziteketezwe au zifukiwe, zisipelekwe kinuni kwa jina la mbwa.

Mahindi safi, lakini peke yake

Hata mahindi safi kabisa hayatoshi. Mbwa mzima anahitaji angalau asilimia 18 ya chakula chake kikavu iwe protini, na mtoto wa mbwa asilimia 22.5, ilhali unga wa mahindi una asilimia 8 au 9 hivi, tena protini yenyewe imepungukiwa na laisini na triptofani, ambazo ni sehemu za protini zisizotengenezwa na mwili wa mbwa. Niasini, vitamini mojawapo ya kundi B, imo katika mahindi lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua. Jambo hilo lilifahamika kutokana na mbwa wenyewe: katika karne iliyopita nchini Marekani mbwa waliolishwa unga wa mahindi walipata ugonjwa wa ulimi mweusi, wenye vidonda vya mdomo na kuhara, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliuponya kwa niasini, ugunduzi uliofungua njia ya kutibu pelagra, ugonjwa wa aina hiyohiyo kwa binadamu.

Mifupa nayo ina masharti yake. Mwaka 1919 Edward Mellanby, akifanya kazi London, alieleza jinsi watoto wa mbwa waliolishwa nafaka walivyopata matege na jinsi mafuta ya ini la samaki yalivyowakinga. Mbwa, tofauti na binadamu, hawezi kutengeneza vitamini D ya kutosha kwa kuota jua, hivyo lazima aile. Kosa la upande wa pili hufanywa na mwenye uwezo, anayempa mtoto wa mbwa steki isiyo na mfupa kila siku akidhani anamtukuza: nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mwili, ukitafuta kalsiamu, huichota kutoka mifupani mpaka mguu huvunjika kwa kuruka ngazi mbili.

Dalili nyingine inayopotosha ni magamba na manyoya kunyonyoka kuzunguka macho, mdomo na viwiko. Wengi huita hali hiyo upele na kumwogesha mbwa dawa ya kupe, lakini huenda ni upungufu wa zinki, kwa kuwa nafaka ina kiambata kiitwacho fitati kinachoshika madini hayo yasifyonzwe.

Mbwa wa mjini

Katika mitaa ya mji wa Kakamega kama Milimani na Amalemba tatizo ni shibe. Mbwa aliyefungiwa uani, akila mabaki ya nyama choma na ngozi ya kuku, hunenepa. Mafuta mengi huweza kuwasha kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, na kongosho likiharibika mara kwa mara kisukari hufuata. Mwaka 2002 yalichapishwa nchini Marekani matokeo ya utafiti wa mbwa 48 wa aina ya Labrador waliofuatiliwa maisha yao yote: nusu ya wale waliopunguziwa chakula kwa robo walivuka miaka 13, ilhali kwa wenzao waliokula zaidi nusu haikuvuka miaka 11.2, na ugonjwa wa viungo ulichelewa kuwapata wale waliopunguziwa. Kipimo kinachotosha nyumbani ni vidole: mbavu ziguswe bila kubonyeza, lakini zisihesabike kwa macho ukiwa mbali.

Mabaki ya mboga yana hatari yake. Sukuma wiki hukaangwa kwa kitunguu karibu katika kila nyumba, na kitunguu, kibichi au kilichoiva, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mchuzi wa kila siku humletea upungufu wa damu ambao kwa urahisi hudhaniwa kuwa ni ugonjwa wa kupe.

Kinachowezekana sufuriani

Kwa mbwa mzima wa kilo 20 anayetembea kwa kawaida, gramu 200 za unga safi zikisongwa pamoja na gramu 80 za omena wakavu hukaribia mahitaji yake ya nguvu kwa siku na kuvuka kiwango cha protini, kwa kuwa nusu au zaidi ya uzito wa omena wakavu ni protini, na kwa kuwa huliwa wazima na mifupa yao huleta kalsiamu. Omena wengi huanikwa ufuoni, kwa hiyo waoshwe kwa maji moto mpaka mchanga uishe, kisha wachemshwe bila kitunguu. Mahali ambapo omena wamepanda bei, maharagwe yaliyoiva yachanganywe na matumbo yaliyochemshwa vizuri. Matumbo, mapafu na maini mabichi yasitolewe, maana ndiyo njia ya minyoo ya tegu kutoka machinjioni hadi kwa mbwa, na mayai yake kutoka kwa mbwa hadi kwa watoto. Mifupa iliyopikwa huchanika kama vibanzi na hutoboa utumbo.

Pishi hili halimfai kila mbwa. Mbwa mzee anayekunywa maji kupita kiasi, anayekojoa mara kwa mara na kutoa harufu ya mkojo kinywani, huenda figo zake zimechoka, na kwake omena na mifupa, kwa fosforasi yake, huongeza mzigo uleule unaopaswa kupunguzwa. Huyo hupangiwa chakula na daktari wa mifugo baada ya kupimwa damu.

Anayempeleka mbwa kwa daktari achukue pia unga anaomlishia, karibu kilo moja, uliochotwa sehemu mbalimbali za gunia kwa sababu kuvu huota kwa mafungu, na autie katika mfuko wa karatasi, kwani ndani ya plastiki unyevu huendelea kukuza kuvu njiani. Amweleze daktari pia kama gunia hilohilo linalisha kuku au ng'ombe wa maziwa, maana sehemu ya sumu anayokula ng'ombe hutoka katika maziwa yake siku hiyohiyo au inayofuata.